Pampu ya dozi inagonga vizuri lakini klorini inayumba: kabla hujanunua nyingine, pima hivi

Mkuu mleta uzi, usinunue pampu bado. Hela hiyo ikae kwenye akaunti ya chombo chenu cha watumia maji mpaka umalize vipimo vichache ambavyo havina gharama zaidi ya jasho.

Kwa waliochelewa kuingia, jamaa yuko kwenye mradi wa maji wa kijiji mkoani Singida. Kisima kirefu, pampu ya kisimani inakula sola moja kwa moja bila betri, maji yanapanda hadi tenki la lita 50,000 kilimani. HTH ya unga (kalsiamu haipokloraiti, dawa ya klorini) inakorogwa kwenye simtanki dogo kwa nguvu ya asilimia 1, halafu pampu ya dozi ya lita 5 kwa saa inaidunga kwenye bomba linalopanda. Pampu ya dozi yenyewe ina betri yake na inveta ndogo, imesetiwa asilimia 25. Mita ya kisima inasoma kama mita za ujazo 3 kwa saa asubuhi saa mbili, ikifika saa saba mchana inasoma 8. Asubuhi watu wanalalamika maji yananuka dawa. Mchana akipima klorini kwenye mdomo wa bomba pale tenkini, kipimo hakitoi rangi kabisa, kana kwamba hakuna dawa. Anasema pampu "inagonga muda wote na taa ya kijani inawaka". Muuzaji kamwambia imechoka, tena ni ndogo, achukue ya lita 20.

Mimi ni fundi wa mitambo ya maji. Nilianzia kiwanda cha maji ya chupa, siku hizi nazunguka kwenye miradi ya vijijini kufunga na kutengeneza hivi vidude. Pampu nyingi za dozi ninazoletewa zikisemwa zimekufa, zenyewe ni nzima. Shida inakuwa kwenye mpira wa kunyonyea, kwenye vali, kwenye dawa, au kwenye namna zilivyofungwa. Kwako naona mambo matatu yamepandana, na hakuna hata moja linalotibiwa na pampu kubwa zaidi.

Tuelewane kwanza inafanyaje kazi. Nyuma ya pampu kuna koili. Umeme ukiingia, koili inageuka sumaku na kusukuma fimbo fupi ya chuma. Fimbo inasukuma kiwambo, ule mpira wa mviringo uliovishwa teflon upande unaogusana na dawa. Umeme ukikata, springi inarudisha kiwambo nyuma. Huo mlio wa "ta, ta, ta" ndio huo tu: koili na springi. Kiwambo kikirudi nyuma, kigololi cha vali ya chini kinanyanyuka na dawa inaingia kwenye kichwa cha pampu. Kikienda mbele, cha chini kinakaa, cha juu kinanyanyuka, dawa inatoka. Vigololi huwa vya kauri au kioo, na kwenye pampu nyingi ndogo vinakaa kwenye viti vyake kwa uzito wake tu.

Kwa hiyo kila mpigo mmoja unatoa ujazo uleule. Pampu ya lita 5 kwa saa inayopiga mara 120 kwa dakika (soma kibao chako, kinaweza kutofautiana) inapiga mara 7,200 kwa saa. Gawanya mililita 5,000 kwa 7,200, unapata kama mililita 0.7 kwa mpigo. Hayo ni matone kumi na nne hivi. Punje ya chokaa ikikaa chini ya kigololi, nusu ya hayo matone inarudi ilikotoka, na mlio hautabadilika hata kidogo. Koili haijui kama mbele yake kuna dawa, kuna hewa au hakuna kitu.

Pale kiwandani tulikuwa na pampu ya namna hiyo ikidunga sodiamu metabisalfaiti kabla ya mtambo wa RO, ule unaosafisha maji kwa kuyasukuma kwenye utando mwembamba. Kazi ya dawa hiyo ni kuua klorini, kwa sababu utando wa RO wa poliamaidi hauvumilii klorini huru, unaoza taratibu na hautengenezeki. Zamu nzima ya usiku pampu iligonga, taa ikawaka, na kwenye daftari la zamu kila saa pameandikwa "inafanya kazi". Asubuhi dumu la dawa lilikuwa palepale, halijashuka hata upana wa kidole. Kigololi cha futi-vavu, vali ya chini mwishoni mwa mpira wa kunyonyea, kilikuwa kimegandiana na chumvi ya dawa yenyewe. Baada ya hapo kile kisanduku cha "inafanya kazi" kilifutwa kwenye fomu, kikawekwa kingine: kimo cha dawa kwenye dumu, kwa sentimita. Fanya hivyo hivyo kwenye simtanki lako. Chukua maka peni, jaza maji kwa ndoo ya lita 10, piga mstari kila ndoo. Kila mlinzi au mhudumu wa mradi aandike mstari, asiandike habari za mlio.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo majibu yako mengi yalipo.

Dawa ya asilimia 1 ina gramu 10 za klorini kwa lita. Asilimia 25 ya lita 5 ni lita 1.25 kwa saa, yaani gramu 12.5 za klorini kwa saa. Saa saba mchana maji ni mita za ujazo 8. Gawanya, unapata gramu 1.56 kwa mita ya ujazo, ambayo ndiyo miligramu 1.56 kwa lita. Dozi nzuri tu. Saa mbili asubuhi maji ni mita za ujazo 3 lakini pampu ya dozi haijui kwamba jua bado changa, inaendelea kutoa gramu zile zile 12.5. Gawanya kwa 3: miligramu 4.2 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka kikomo cha miligramu 5, kwa hiyo kiafya bado hujavuka, lakini watu huanza kulalamika ladha na harufu kabla hata ya kufika 1. Hapo tayari nusu ya malalamiko ya asubuhi imeelezeka.

Nusu nyingine iko kwenye neno lako "muda wote". Mkuu, unamaanisha hata usiku? Kama pampu ya dozi iko kwenye betri yake na haijafungwa pamoja na pampu ya kisima, basi jua likizama kisima kinasimama na dozi inaendelea. Saa 13 ambazo kisima kimesimama mara lita 1.25 ni lita 16 na ushee, gramu 160 za klorini zimemwagwa kwenye bomba ambalo maji yake yamesimama. Mahitaji yenu ya siku nzima hayafiki hata gramu 60. Asubuhi pampu ya kisima ikiamka, mzigo wote huo unapanda mlimani kwa mkupuo. Kama kuna kaya zimeungwa kwenye bomba la kupanda kabla ya tenki (na vijijini huwa zipo, hata kama kwenye mchoro hazipo), hao ndio wanaooga dawa. Na hao hao mchana wanakunywa maji ambayo klorini haijapata muda wa kufanya kazi. Inahitaji angalau dakika 30 za kukaa na maji, pH ikiwa chini ya 8, na baada ya hapo ibaki miligramu 0.5 kwa lita. Bombani kwa mtumiaji isiwe chini ya 0.2. Hao watu wahamishiwe kwenye bomba la kushuka, hakuna njia ya mkato hapo.

Uthibitisho wake ni rahisi: nenda pale usiku saa tatu usikilize. Ikigonga, umeshampata mwizi wa kwanza.

Lakini hesabu hii haielezi sifuri ya mchana. Kwa hesabu ungepata miligramu 1.5 ikiingia, na hata maji yenyewe yakila kidogo ungeona rangi ya waridi. Kwa hiyo kuna uwezekano wa aina tatu na inabidi uzitenganishe.

Ya kwanza ni kipimo chenyewe kukudanganya. Kile kidonge cha kupimia klorini, DPD namba 1, kinatoa waridi klorini ikiwepo, lakini klorini ikizidi sana inaisafisha rangi na kuiondoa, unaona maji meupe kama hayana kitu. Ukipata sifuri mahali usipoitegemea, chukua maji ya kisima yasiyotiwa dawa, changanya sehemu 9 na sehemu 1 ya sampuli, pima tena. Rangi ikitokea, zidisha mara 10. Kwa mchana siamini kwamba ndicho kinachotokea kwako, ila kwa asubuhi mapema kinaweza kutokea, na wapo wahudumu walioongeza dawa kwa sababu hiyo hiyo.

Ya pili ni maji ya kisima kula klorini. Chuma, manganizi na amonia vyote vinakula. Chukua ndoo safi ya lita 20 ya maji mabichi, weka mililita 30 za dawa yako ya asilimia 1 (hiyo ni miligramu 15 kwa lita) kisha subiri. Hapana, hiyo ni nyingi mno kwa kazi hii, nimeandika haraka. Weka mililita 3, hapo unapata 1.5. Koroga, funika, subiri nusu saa, pima. Kikibaki chochote kinachoonekana, maji yako hayana hatia.

Ya tatu, na hapa ndipo ningeweka hela yangu, ni gesi. Dawa ya klorini inaoza yenyewe, na joto na mwanga vinaiharakisha. Klorini ya maji, ile sodiamu haipokloraiti ya kwenye madumu, ni mbaya zaidi, lakini hata HTH iliyokorogwa na kuachwa kwenye simtanki jeusi juani itatoa vipovu. Juu ya hiyo kuna hewa inayonyonywa kupitia mpira uliopasuka nywele nywele kwa jua, au kupitia nati iliyolegea. Povu likiingia kwenye kichwa cha pampu, kiwambo kinapokwenda mbele povu linabanwa tu, kinaporudi linatanuka, na vigololi havinyanyuki kabisa. Pampu inagonga, haisukumi kitu. Jioni joto likishuka gesi inapungua au kupanda juu na kupata njia, pampu inashika tena. Angalia mfuatano wa matatizo yako: mchana wa joto hakuna, usiku wa baridi ipo tele. Mimi sihitaji kuiona pampu yako kusema haijachoka.

Hapo kuna jambo mafundi wengi wanalikosea. Pampu hizi ndogo zina marekebisho mawili: urefu wa mpigo, ile nobu ya asilimia, na idadi ya mipigo kwa dakika. Ukitaka kupunguza dawa unaweza kugusa chochote kati ya hivyo na kwenye karatasi matokeo yatafanana. Kwenye dawa yenye gesi hayafanani. Ukifupisha mpigo hadi asilimia 25, kiwambo kinasogea kidogo sana na povu dogo tu linatosha kumeza msogeo wote. Uache mpigo mrefu, juu ya nusu kila inapowezekana, upunguze idadi ya mipigo. Wewe ukisema "asilimia 25" sijui umegusa nobu ipi. Kama ni ya urefu, irudishe juu leo hii.

Kabla ya kurekebisha chochote, pima pampu inatoa nini kweli. Tafuta silinda ya kupimia ya mililita 100. Duka la vifaa vya maabara wanayo, na ukikosa, bomba kubwa la sindano la mililita 60 lenye mistari litakusogeza, ukilijaza mara mbili. Weka mpira wa kunyonyea ndani yake badala ya ndani ya simtanki, jaza dawa, ondoa hewa kwa ile nobu ndogo ya kutolea hewa mpaka usione povu. Kisima kiwe kinafanya kazi na upande wa kusukuma ubaki umeungwa kwenye bomba kama kawaida. Ukiiacha imwage kwenye ndoo wazi unapima kitu kingine, maana pampu ya kiwambo hutoa zaidi pale shinikizo la mbele likiwa dogo. Hesabu mipigo 100. Urefu wa mpigo ukiwa kamili, utarajie kama mililita 70. Ukipata 65 au 75, ndiyo namba yako ya kufanyia hesabu, achana na kibao. Ukipata 30, vali inavuja au kuna hewa. Ukipata sifuri, umeipata sababu mchana kweupe. Pima asubuhi, upime tena saa saba. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo itakayokuambia kama ni gesi.

Ikitoka 30 wakati wa baridi pia, fungua vali. Singida maji yana ugumu, na HTH ni kalsiamu. Vikikutana vinatengeneza chokaa. Utaikuta sehemu tatu: kwenye chujio la futi-vavu, kwenye viti vya vigololi, na mbaya kuliko zote kwenye nozeli pale dawa inapoingia bombani, ambako inajenga gamba jeupe gumu mpaka tundu linabaki la sindano. Zima, toa shinikizo, vaa glavu na miwani, suuza kila kitu kwa maji mengi kwanza. Baada ya kusuuza ndipo uloweke vipande kwenye siki. Gamba litachemka na kuyeyuka. Narudia sehemu ya kusuuza: siki au asidi yoyote ikikutana na dawa ya klorini inatoa gesi ya klorini, na kwenye kibanda kisicho na dirisha hiyo inaua mtu. Usimwage asidi ndani ya simtanki "isafishe yenyewe" kama nilivyoona watu wanafanya. Na wakati wa kukoroga, unga unaingia kwenye maji, usimimine maji juu ya unga. HTH isikae stoo moja na dizeli, oili wala grisi. Inawasha moto bila kiberiti.

Wakati umefungua, tazama nyuma ya kichwa cha pampu kuna kitundu kidogo upande wa chini. Kikiwa kinadondosha dawa, kiwambo kimetoboka na dawa inaelekea kwenye koili. Kiwambo, vigololi, viti na oringi huuzwa pamoja kama seti ya spea, na seti hiyo ni ya bei rahisi sana kuliko pampu nzima. Muuzaji anayekwambia "imechoka" bila kukuuliza habari ya seti, mshukuru uondoke.

Tukirudi kwenye pampu ya lita 20. Ungeifunga, kutoa lita 1.25 ungeiendesha kwenye asilimia 6. Asubuhi, ambako unahitaji chini ya nusu lita kwa saa, ungekuwa asilimia 2. Huko chini pampu za koili hazina adabu: mpigo mmoja mkubwa, kimya kirefu, mpigo mwingine. Kuna pampu za kisasa zenye mota ya hatua zinazosukuma polepole mfululizo, kama Grundfos DDA, ambazo zinaweza kushuka hadi sehemu moja ya elfu tatu ya uwezo wake, lakini bei yake ni ya kiwanda. Kwenu hapo lita 5 tayari ni kubwa kuliko mnavyohitaji.

Kinachowafaa ni mita ya maji inayotoa palsi, yaani alama fupi ya umeme kila kiasi fulani cha maji kinapopita, ifungwe kwenye bomba la kupanda, waya wake uingie kwenye pampu ya dozi. Angalia kama yako ina tundu la kupokea palsi. Nyingi za kidijitali zinalo hata zikiwa za bei ya kati. Zile za nobu tupu hazina, na hapo ndipo nitakubali ununue nyingine, ya ukubwa uleule au ndogo zaidi. Chukua mita ya palsi 1 kwa kila lita 10. Saa mbili asubuhi utapata palsi 300 kwa saa, saa saba 800, na usiku hakuna palsi hata moja, kwa hiyo hakuna dozi. Mwizi wa usiku na wa asubuhi wote wamekamatwa kwa waya mmoja.

Dawa nayo ipunguzwe nguvu hadi asilimia 0.5. Kwa lita 50 za mchanganyiko unahitaji gramu 250 za klorini, na HTH ya asilimia 65 maana yake gramu 385 za unga. Seti pampu ipige mara 4 kwa kila palsi. Mara 4 kwa mililita 0.7 ni 2.8, mara miligramu 5 kwa mililita ni miligramu 14 kwenye lita 10 za maji, yaani 1.4 kwa lita, asubuhi na mchana sawa. Kwenye kilele itakuwa inapiga kama mara 53 kwa dakika, katikati kabisa ya uwezo wake. Namba ya 0.7 ubadilishe uweke ile uliyoipima mwenyewe. Kisha pima klorini kwenye bomba la mwisho la kijiji, kama ni chini ya 0.2 ongeza mpigo mmoja, kama watu wanalalamika punguza mmoja. Dawa hiyo mtatumia kama lita 10 kwa siku, kwa hiyo lita 50 zinaisha ndani ya siku tano kabla hazijachoka. Ile ya asilimia 1 kwenye tanki la lita 100 ingekaa wiki karibu tatu, na mwishoni mngekuwa mnadunga kitu dhaifu kuliko mnachodhani.

Koroga jioni, acha itulie usiku kucha, asubuhi chota ile safi ya juu uweke kwenye tanki la kudungia. Tope la chini lisiende popote karibu na pampu. Futi-vavu ining'inie kama sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki. Tanki liwekwe kivulini, na kama unaweza lipandishe juu ya kitako cha matofali ili dawa iwe juu ya pampu na kuingia kwa uzito wake. Povu litapanda kurudi tankini lenyewe badala ya kunaswa kichwani. Mpira wa kunyonyea uwe mfupi, bila mgongo wa kuhifadhi hewa. Ukishapandisha tanki, hakikisha nozeli ya kudungia ina springi ndani na springi ni nzima, maana bila hiyo, siku bomba likipasuka na shinikizo kuisha, dawa yote itajimwaga yenyewe pampu ikiwa imezimwa. Kwa sababu hiyo hiyo usidunge kamwe upande wa kunyonya wa pampu ya maji.

Na mtu asifunge vali mbele ya pampu ya dozi akidhani inapunguza. Hii haipungui kama pampu ya kawaida ya maji, itasukuma mpaka mpira uchomoke na kumrushia dawa machoni. Ukitaka vali pale, weka na ya usalama inayorudisha dawa tankini.

Aliyeuliza kuhusu pampu ya kukamua mpira: ndiyo, zipo na kwa klorini nazipenda. Rola zinakamua mpira uliopinda, hakuna vigololi, hakuna pa kunasa hewa, hata tope kidogo linapita. Shida ni kwamba mpira unakatika, na ukikatika unakatika bila hodi, kwa hiyo lazima uwe na mwingine stoo na ubadilishe kabla ya muda wake. Kwa shinikizo kubwa haifai. Kwenye boila na visima vya mafuta wanatumia za pistoni, hizo ni habari nyingine kabisa.

Aliyesema "miligramu moja ni kitu gani, watu wanasumbuka bure": kwenye kijiji hiki miligramu 1 kwa lita ni kama gramu 40 kwa siku, kweli kiganja kimoja. Kwenye mtambo wa Ruvu Juu unaozalisha lita milioni 196 kwa siku, miligramu hiyo hiyo ni kilo 196 za klorini kila siku. Hesabu ni ileile, kinachobadilika ni nani anapiga kelele ukikosea.

Na ndugu wa kuku wa mayai kule Kibaha aliyeuliza kama kuna ya kudunga bila umeme: ipo. Dosatron na zinazofanana nazo zinaendeshwa na maji yenyewe. Maji yanasukuma pistoni, pistoni inavuta dawa kwa uwiano uliouseti, maji yakisimama na dawa inasimama. Ndizo wanazotumia kwenye mabanda na kwenye mashamba ya maua kwa mbolea. Weka chujio kabla yake, mchanga ndio adui yake mkubwa. Ila ukikaribia siku ya chanjo ya kideri ya kunywesha, simamisha klorini siku moja au mbili kabla, safisha mabomba, na koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye maji ya chanjo, kama gramu 2.5 kwa lita, yameze klorini iliyobaki. Vinginevyo unanywesha kuku chanjo iliyokufa.

Mleta uzi, weka hapa picha ya kibao cha pampu, picha ya pale nozeli inapoingia bombani, na majibu ya mipigo 100 ya asubuhi na ya saa saba.